VIPINDI VYA SIMU REDIONI NA WAJIBU WA VYAMA VYA MSINGI

Katika jiji la Arusha na katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, redio ingali chombo cha kila siku. Husikilizwa jikoni, dukani, ndani ya daladala na shambani, mkulima akiwa ameitundika kwenye mgomba huku akipalilia kahawa. Jambo lililobadilika ni kwamba msikilizaji wa leo hasikilizi tu. Anayo simu mfukoni, na kituo cha redio kinamwalika apige, aulize, alalamike au atoe maoni yake mbele ya umma.

Vipindi vya namna hii vinawahusu sana wanaushirika. Bei ya kahawa, ucheleweshaji wa malipo ya pili, pembejeo zisizofika kwa wakati, maji ya mifereji na magonjwa ya mazao ni mambo yanayozungumzwa humo mara kwa mara. Baadhi ya viongozi wa vyama, jina la chama chao linapotajwa, hukasirika. Wengine hunyamaza wakitumaini kwamba maneno yatapita. Njia zote mbili hazina faida. Makala hii inaeleza asili ya vipindi hivyo, jinsi vinavyoendeshwa, kazi ya mwendeshaji wake, na mambo yampasayo kiongozi wa chama cha msingi pindi swali la mwanachama linapotoka hewani.

Kutoka barua hadi simu

Utangazaji wa Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, na mwaka 1965 shughuli zake zikachukuliwa na Serikali, ikazaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Katika miaka hiyo msikilizaji aliyetaka kusema neno aliandika barua au kadi ya salamu, akaipeleka posta, akangoja. Jibu, kama lilikuja, lilikuja baada ya majuma kadhaa.

Hata hivyo si kweli kwamba redio ya zamani ilikuwa ya upande mmoja tu. Nchini Kanada, kuanzia mwaka 1941 hadi 1965, wakulima walikusanyika katika nyumba za majirani kila juma wakati wa majira ya baridi, wakasikiliza kipindi kimoja, wakajadili, kisha wakatuma maoni yao kwa waandaaji. Utaratibu huo uliigwa India mwaka 1956 katika vijiji vya upande wa Poona. Tanzania nayo ilipata njia yake. Mwaka 1971 kulikuwa na kampeni ya Wakati wa Furaha, katika kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru. Mwaka 1973 ikafuata Mtu ni Afya, ambayo ilikusanya watu wapatao 2,000,000 katika vikundi vya kusikiliza vipatavyo 75,000. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi, kitabu na redio. Baada ya kipindi wanakikundi walijadiliana na kuamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai.

Yafaa wanaushirika wazingatie fundisho la kampeni hizo. Redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja. Kazi ilifanyika kwa sababu palikuwa na kikundi kilichokaa pamoja, kikasikia neno moja na kulijadili.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu watu binafsi na taasisi kuanzisha vituo. Radio One ilianza mwaka 1994, na mwaka huohuo simu za mkononi zikaanza kutumika nchini. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyozaa kipindi cha simu kama kinavyojulikana leo. Arusha ikapata vituo vyake, kama Radio 5, Triple A, Sunrise na Radio Habari Maalum. Huko Terrat, wilayani Simanjiro, jamii ya wafugaji ikaanzisha kituo chake cha Orkonerei. Kwa mara ya kwanza mkulima wa Nkoaranga au Ngaramtoni aliweza kusikia sauti ya jirani yake ikitoka redioni, ikizungumza habari za soko analolijua na barabara anayoipita.

Simu hufikaje hewani

Anayepiga simu kwa kawaida hamfikii mtangazaji moja kwa moja. Hupokewa kwanza na msaidizi au fundi wa mitambo, ambaye humwuliza jina, mahali anapopigia na jambo analotaka kusema. Kazi hiyo huonekana ndogo, lakini ndiyo chujio la kwanza. Msaidizi mwangalifu hutambua mlevi, mwenye matusi na yule aliyepiga mara tatu juma hilo kwa ajili ya ugomvi uleule.

Baada ya hapo simu huunganishwa na meza ya sauti, na mtangazaji huuliza swali ambalo kila msikilizaji analijua: nazungumza na nani, kutoka wapi? Mara nyingi hufuatia ombi la kupunguza sauti ya redio. Sababu yake ni hii. Sauti ya mpigaji hutoka hewani, huingia katika redio iliyo karibu naye, hurudi tena katika simu yake na kwenda hewani mara ya pili. Sauti hiyo ikizunguka hivyo hutoa mlio mkali unaoharibu mazungumzo, na mpigaji naye huchanganyikiwa kwa kusikia maneno yake yakimrudia.

Vituo vyenye uwezo huwa na mtambo unaoichelewesha sauti kwa sekunde chache kabla haijatoka. Tusi likitamkwa, mtangazaji hubonyeza kitufe na neno hilo halifiki kwa wasikilizaji. Kituo kisicho na mtambo huo hutegemea wepesi wa mkono wa mtangazaji tu.

Gharama ya simu nayo ni jambo la kutazamwa. Mwenye salio dogo hawezi kungoja dakika kumi akisikiliza muziki. Kwa sababu hiyo vituo vingi hupokea ujumbe mfupi pia, na vingine hutumia kubipu: msikilizaji hupiga na kukata, bila kutozwa kitu, na mtambo huihesabu simu hiyo kuwa kura au humpigia baadaye. Shirika la Farm Radio International, lililofungua ofisi yake ya Tanzania mjini Arusha, limetumia njia hizo kupitia mfumo uitwao Uliza. Kati ya mwaka 2007 na 2010 shirika hilo liliendesha utafiti wa redio za wakulima katika nchi tano za Afrika: Ghana, Malawi, Mali, Uganda na Tanzania.

Kazi ya mwendeshaji

Watu hudhani kwamba mwendeshaji hodari ni yule mwenye sauti nzuri na maneno mengi. Ukweli ni kinyume. Mwendeshaji hodari ni msikilizaji hodari. Anayo kazi ya mwenyekiti wa mkutano ambao wajumbe wake hawaonekani, na ambao yeyote anaweza kuingia na kutoka bila hodi.

Kwanza, humpa heshima kila mpigaji. Mzee huamkiwa shikamoo. Kijana haachwi adharau. Mama mwenye aibu hungojewa amalize sentensi yake. Pili, hutenganisha habari na uvumi. Mpigaji akisema, "Viongozi wamekula fedha zetu," mwendeshaji makini hamwachi hapo. Humwuliza: ni msimu gani, kiasi gani, umeonaje, na umekwisha uliza wapi? Tatu, hurudia swali kwa maneno machache ili aliyewasha redio wakati huo alielewe. Jambo hili ni la lazima upande wa Meru, ambako baadhi ya wazee huzoea zaidi Kimeru au Kimaasai, hali vituo kwa kawaida hutakiwa kutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza. Nne, humtafuta mhusika ili naye ajibu. Kipindi kinachosikia upande mmoja si baraza bali ni baraza lililokosa mshitakiwa.

Tano, naye mwendeshaji huwekewa mipaka. Vituo husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na maneno ya kumkashifu mtu yanaweza kukipeleka kituo mbele ya vyombo vya sheria. Zaidi ya hayo, kituo huishi kwa matangazo ya biashara. Mdhamini wa kipindi anapokuwa muuza mbegu au dawa, mwendeshaji anayepokea swali juu ya mbegu au dawa hiyohiyo huwa katika mtihani. Msikilizaji ana haki ya kujua kipindi kimelipiwa na nani.

Mfano wa kwanza: Kantangaze

Mwaka 2014 mdudu mgeni aliripotiwa katika mashamba ya nyanya wilayani Arumeru, upande wa King'ori. Ni nondo mdogo aliyetoka Amerika ya Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006, kisha akaenea Afrika. Wakulima wakampa jina la Kantangaze. Jina hilo linaonya lenyewe: mkulima anayemficha mdudu huyu hutangazwa na hasara.

Nondo jike mmoja huweza kutaga mayai hadi 260, na kizazi kimoja hukamilika kwa siku 24 hadi 38 kulingana na joto. Buu lake huchimba ndani ya jani, kisha hutoboa tunda. Lisipodhibitiwa huweza kuangamiza kati ya asilimia 80 na 100 ya mavuno. Kwa kuwa limejificha ndani ya jani, dawa ya kunyunyiza juu juu hailifikii vyema. Na dawa ya aina moja ikitumiwa mfululizo, wadudu huizoea.

Katika msiba wa namna hii kipindi cha simu huweza kufaa au kudhuru. Hufaa pale ambapo mkulima mmoja anaeleza dalili alizoziona, na wengine wawili kutoka kata nyingine wanapiga kusema kwamba wao pia wameziona. Ndani ya saa moja maofisa ugani hupata habari ambayo kwa barua ingechukua mwezi. Hudhuru pale mpigaji anapotaja dawa ya ajabu inayomaliza wadudu kwa siku moja, na baadaye ikabainika kwamba yeye ndiye mwuzaji wake. Mwendeshaji anayejua kazi huuliza maswali matatu: dawa hiyo inaitwaje na imesajiliwa? Hutumiwa kwa kipimo gani? Mkulima angoje siku ngapi baada ya kunyunyiza ndipo avune? Asiyeweza kujibu hayo hafai kuwa mshauri wa umma.

Majibu sahihi hayako mbali. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyorithi kazi za taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Ngaramtoni, ina makao yake makuu Arusha. Kituo cha utafiti wa mboga na matunda kipo Tengeru. Ushauri unaotolewa na wataalamu haubadiliki kila juma: kung'oa na kuteketeza mabaki ya nyanya, kutopanda nyanya, viazi mviringo au bilinganya mfululizo katika shamba lilelile, kuweka mitego ya harufu inayowavuta nondo dume, na kubadilisha aina za dawa. Chama kinachouza pembejeo kinaweza kuyaeleza haya redioni bila kutangaza biashara yake.

Mfano wa pili: bei ya kahawa

Ugomvi mwingi kati ya wanachama na chama chao huanza kwa tangazo la bei. Kahawa huuzwa katika mnada chini ya usimamizi wa Bodi ya Kahawa Tanzania, mjini Moshi, na bei hutajwa kwa dola za Marekani kwa kila kilo 50 za kahawa safi. Mkulima naye hupeleka chamani kahawa ya maganda, hupimiwa kwa kilo moja moja, na hulipwa kwa shilingi. Redio inapotangaza bei ya mnada bila maelezo, msikilizaji hulinganisha vitu viwili visivyolingana.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiohusu msimu wowote. Bei ikiwa dola 200 kwa kilo 50 za kahawa safi, kilo moja ya kahawa safi ni dola 4. Lakini kilo 100 za maganda zikikobolewa hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi. Kilo hizo 80 zitauzwa kwa dola 320. Kwa hiyo kilo moja ya maganda imepata dola 3 na senti 20, wala si dola 4. Kutoka hapo hutolewa gharama za kukoboa, usafiri, magunia, ushuru na makato yaliyopitishwa na wanachama wenyewe. Baki ndiyo mali ya mkulima, sehemu yake ikiwa imekwisha lipwa kama malipo ya awali.

Mwanachama asiyeelezwa hesabu hii anapopiga simu na kusema ameibiwa, hasemi uongo, anasema alivyoelewa. Na iwapo kweli makato yamezidi yale yaliyopitishwa, hesabu hiyohiyo ndiyo itakayoufichua wizi. Ndiyo maana kiongozi mwaminifu hana sababu ya kuiogopa, na asiye mwaminifu ana kila sababu.

Hili si jambo dogo katika historia ya ushirika wa nchi hii. Kamati Maalum ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilitaja, miongoni mwa kasoro kubwa, wanachama wasiofahamishwa mambo ya vyama vyao. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vikavunjwa, na wakulima hawakuvipata tena hadi sheria ya mwaka 1982. Chama ambacho mwanachama hakijui hakina mtu wa kukitetea siku ya dhiki.

Mipaka ya redio

Kipindi cha simu kisichukuliwe kuwa sauti ya wote. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga. Mlima ukiwa katikati, kivuli chake huangukia vijiji vya nyuma. Mlima Meru una urefu wa zaidi ya meta 4,500, na kijiji kilicho upande wake wa kaskazini huweza kupata kwa shida kituo kinachosikika vyema Usa River. Aidha, mwenye simu na redio katika nyumba nyingi ni baba. Mama anayechuma kahawa na kuianika huenda asiwe na salio wala nafasi saa ya kipindi. Wapigaji kumi si mkutano mkuu.

Kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya juu katika chama. Redio haiwezi kumwondoa mwenyekiti, kupitisha makisio wala kukagua vitabu. Inachoweza ni kuamsha swali. Jibu lake la mwisho hutolewa mbele ya wanachama, na inapobidi mbele ya wakaguzi na Mrajis.

Mambo ya kufanya

Kamati za vyama vya msingi zinashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

1. Chama kiteue msemaji mmoja anayezijua hesabu, na jina lake lifahamike kwa kituo cha redio. Viongozi wawili wanaosema maneno mawili hujenga shaka.

2. Swali likiulizwa hewani, lijibiwe katika kipindi kinachofuata. Ikiwa jibu halijapatikana, isemwe hivyo, na itajwe siku litakapotolewa.

3. Hesabu za mwanachama binafsi zisisomwe redioni, hata kama yeye ndiye aliyeanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda siri hizo. Aelezwe hewani utaratibu, akaoneshwe daftari lake ofisini.

4. Bei itangazwe pamoja na maelezo ya hesabu, na karatasi yake ibandikwe ghalani siku hiyohiyo.

5. Vianzishwe vikundi vya kusikiliza, hasa vya akina mama, penye redio moja na simu moja. Swali moja lililojadiliwa na watu kumi huulizwa vizuri kuliko maswali kumi ya haraka.

6. Mpigaji asitafutwe wala kutishwa. Chama kinachomwadhibu mwuliza swali hukiri kosa ambalo pengine hakikulitenda.

7. Maswali yote yaliyoulizwa redioni juu ya chama yaandikwe katika daftari, na yasomwe pamoja na majibu yake katika mkutano mkuu.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Mwanachama aliyetoa vocha yake, akangoja zamu yake na kuuliza mbele ya watu habari za kahawa yake, hajakitupa chama. Aliyekitupa hapigi simu tena. Huuza kahawa yake usiku kwa mchuuzi. Ni wajibu wa kila kamati kumjibu huyu angali anauliza.